Mengzi, Xunzi na Aristotle: mada hii ya mdahalo imekaa sawa?

Mdahalo_Lindi:
Wakuu, salaam. Naandaa mdahalo wa kidato cha sita hapa Lindi. Mada: "Wachina wa kale waliamini mtu huzaliwa mwema, Wagiriki waliamini wema hufundishwa." Imekaa sawa? Na maneno xing (la Kichina) na arete (la Kigiriki) niyaite nini kwa Kiswahili bila kuwapotosha vijana?

Mataruma:
Mkuu, mada hiyo itakufa dakika ya tano, maana Wachina hawakuwa na kauli moja. Mengzi, karne ya 4 K.K., alisema maumbile ya mtu yanaelekea wema. Xunzi wa karne ya 3 akaandika sura nzima kumpinga kwa jina: maumbile ni mabaya, wema ni kazi ya kujitengeneza. Na wote wawili ni wafuasi wa Confucius, mwanafalsafa Mchina aliyewatangulia! Confucius mwenyewe aliishia kusema kwamba kwa maumbile watu wanakaribiana, mazoea ndiyo huwaweka mbalimbali.

Mfano wa Mengzi usomeni polepole. Mtoto yu karibu kutumbukia kisimani; yeyote anayemwona moyo unamshtuka, kabla hajawaza sifa wala urafiki na wazazi wa mtoto. Hakusema kila mtu atakimbia kumwokoa. Alisema mshtuko upo. Huo ni chipukizi tu, na anayataja manne: huruma, aibu, kumpisha mwenzio, kutambua sawa na si sawa. Vijana watauliza, "Mbona kuna wauaji?" Jibu lake ni mlima Niu: miti ilikatwa, ng'ombe na mbuzi wakala machipukizi, sasa anayeuona kipara anadhani haukuwahi kuota kitu.

Chipukizi halilazimishwi pia. Katika kisa cha Mengzi, mkulima wa nchi ya Song alivuta miche yake ili irefuke. Mwanawe alipokwenda shambani aliikuta imenyauka. Wanaoatika mikorosho wataelewa bila kuelezwa.

Kisu_Butu:
Kwenye maneno: xing iite "maumbile" au "hulka". Usiiite "tabia", kwa sababu kwetu tabia ni ya kuzaliwa nayo na ya kujizoesha pia, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Neno jingine la Kichina, ren, ni "utu", inakaa vizuri kabisa. Arete ndiyo ngumu. "Fadhila" inamfanya msikilizaji awaze hisani, ilhali Mgiriki aliweza kusema kisu au farasi ana arete. Sema "ubora". Li nayo, yaani taratibu za ibada na heshima za Wachina, ukiiita "adabu" umeipunguza. Ni mazishi, sadaka, muziki, namna ya kuinama. Kwetu Kusini fikiria jando na unyago, mafunzo yanayopita mwilini kwanza.

Sasa Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki (384–322 K.K.). Jiwe ulirushe juu mara elfu kumi, halizoei kupanda. Ubora wa mwenendo hautujii kwa maumbile wala kinyume cha maumbile: tumeumbwa kuupokea, mazoea huukamilisha. Mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga, na akijenga vibaya kila siku anakuwa mjenzi mbovu. Hapo yuko jirani na Xunzi kuliko Xunzi alivyo na Mengzi. Hata mfano wanashirikiana: mti uliopinda. Xunzi anaupiga mvuke na kuubana kwenye kibano, yaani li zilizowekwa na wafalme wenye hekima. Aristotle anakwambia ujivute upande wa pili wa pale unapoelemea, kama wanyooshao mbao.

Aristotle husema ubora uko kati ya kuzidi na kupungua. Kosa la kawaida: kudhani "kati" hiyo ni nusu kwa nusu. Kama chakula cha mina kumi (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki) ni kingi na cha mbili ni kidogo, mwalimu wa mieleka haagizi sita kwa kila mtu. Kwa Milo, mwanamieleka mashuhuri, hizo sita ni chache, kwa anayeanza ni nyingi.

Mwambao:
Naomba kuchokoza. Fundi wa jahazi akitafuta mataruma, yaani mbavu za chombo, huchagua mti uliojipinda wenyewe. Nani kasema ulionyooka ndio bora? Zhuangzi, mwanafalsafa mwingine wa Kichina, aliuliza karibu hivyo: mti usiofaa kwa mbao ndio unaoachwa ukazeeka.

Mdahalo_Lindi:
Basi nabadilisha: "Xunzi angeelewana na Aristotle kuliko na Mengzi." Swali la ziada?

Mataruma:
Wape kondoo. Baba kaiba kondoo, mwana akamshitaki. Confucius akasema kwao unyofu ni baba na mwana kusitiriana. Upande wa pili weka Euthyphro, mhusika wa mazungumzo ya Plato, Mgiriki, anayemshitaki babake kwa mauaji, na Socrates anambana aeleze uchaji ni nini hasa. Dakika ishirini hazitatosha.