Nguzo ya umeme inalia kama debe tupu, imeoza?

Bibi wa Kibosho
Habari zenu wote. Nyuma ya jiko langu kuna nguzo ya mkaratusi, kando ya mfereji wa kihamba, yaani shamba letu la nyumbani. Juzi mjukuu aliigonga kwa jiwe, ikalia kama debe tupu. Kwa macho ni nzima kabisa, hata weusi wa dawa bado upo. Watoto wanacheza pale. Mafundi hujuaje kama imeoza bila kuing'oa?

Fundi laini mstaafu, Moshi
Mama, umefanya vizuri kuuliza. Nguzo hubeba mzigo kwa ganda lake la nje. Yenye upana wa sentimita 24, hata ikiwa na pango la sentimita 12 katikati, bado ina zaidi ya asilimia 90 ya nguvu za kuhimili upepo. Ninachoogopa mimi ni kuliwa kwa nje, chini ya udongo. Ikibaki sentimita 20 tu, nguvu zimeshuka mpaka asilimia 58 hivi, na ukiigonga kwa nyundo, mlio unaweza usikwambie kitu. Uru niliwahi kufunga mkanda tayari kupanda nguzo iliyolia vizuri tu. Mwenzangu akasema tufukue kwanza. Nusu mita chini, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, mbao ikatoka na maji, inamegeka kwa vidole. Nilifungua mkanda nikakaa chini.

Mpimaji, Arusha
Shikamoo bibi. Siku hizi kuna mashine ya sindano. Sindano yenye kichwa cha milimita 3 inatoboa kwa mshazari kuelekea chini ya ardhi, huku mashine ikichora ugumu wa mti. Penye uozo, mstari unaanguka. Kuna pia kipimo cha mawimbi ya sauti: unagonga upande huu, unapima muda wa kufika upande wa pili. Wimbi likikuta pango linazunguka, linachelewa. Ila hata ufa unalichelewesha, kwa hiyo mimi huthibitisha kwa sindano.

Bibi wa Kibosho
Marahaba mwanangu. Basi nimwambie kijana afukue?

Fundi laini mstaafu, Moshi
Hapana mama, msiguse! Udongo huo ndio unaoishikilia, na juu kuna umeme. Toa taarifa ofisi ya umeme, taja namba ya nguzo, na useme wazi kwamba mfereji unapita pale. Watoto wahame leo hii.

Bibi wa Kibosho
Namba nimeisoma, kibati kimeshika kutu lakini inaonekana. Kesho asubuhi naenda mwenyewe. Watoto nimewahamishia uani kwa shangazi yao.