Naomba ushauri: nipimeje uwezo wa akili?

Habari zenu wakuu. Nina miaka 46, nataka kujua uwezo wangu wa sasa ili niulinde hadi uzeeni. Mwili naupima kwa jaribio la Cooper, yaani kukimbia dakika 12 na kuangalia umbali. Nilianza na mita 2,100, miezi miwili baadaye 2,180. Mapigo ya moyo nayahesabu asubuhi kabla sijatoka kitandani: 62. Hapo naona njia.

Akili ndiyo inanitatiza. Nimejaribu michezo ya kumbukumbu kwenye simu; alama zilipanda haraka mno, nahisi nimeuzoea mchezo tu. Nikikosa usingizi, zinaporomoka.

Je, kuna kipimo cha akili kisichopotoshwa na mazoea? Na nirudie kila baada ya muda gani?