Mrejesho: plasta za dawa kwa maumivu ya mama baada ya mkanda wa jeshi

Wakuu, niliuliza kuhusu mama: mkanda wa jeshi ulishapona ila ubavu uliendelea kuwaka moto, hata khanga ikimgusa anashtuka. Je, plasta za dawa zinasaidia?

Daktari alimwandikia za lidokaini (dawa ya ganzi), asilimia 5. Inabandikwa palepale panapouma, kwenye ngozi isiyo na kidonda, inakaa saa 12 kisha ngozi inapumzishwa saa 12. Tunaikata kwa mkasi kabla ya kubandua karatasi ya nyuma, maana eneo lenyewe ni dogo. Chupa ya maji moto juu yake, marufuku.

Maumivu hayajaisha, nisiwadanganye. Ila sasa anavaa blauzi na anaulalia ubavu ule. Kilio ni bei, bima imegoma.

Aliyependekeza plasta za fentanili, shukrani, lakini daktari alikataa: hiyo ni jamii ya mofini (dawa kali za maumivu), dawa yake inaingia kwenye damu na plasta moja inakaa mwilini saa 72, si ya kuazimana kabisa. Hata hizi zetu zikishatumika tunazikunja gundi ndani kwa ndani, wajukuu wanaokota kila kitu.