Memwari: orodha ya marejeo inakaguliwa vipi?

Mwana_Katuba
Jambo yenu wote. Niko L'shi (Lubumbashi), namaliza memwari, kazi ya kumaliza masomo, juu ya wachimbaji wadogo wa shaba na kobalti upande wa Kolwezi. Direkta wangu, mwalimu anayeniongoza, amesoma sura zote, akasema zinafaa, ila orodha ya marejeo amenirudishia na neno moja ukingoni: "kagua". Hakuonyesha kosa hata moja. Fakalti yetu inataka APA, mtindo wa kuandika marejeo, toleo la saba. Kila umeme ukirudi narekebisha nukta na mkato, lakini sidhani ndicho anachotaka. Nianzie wapi?

Mama_wa_Vitabu
Mdogo wangu, nukta ziache kwanza. Nafanya kazi maktaba, na msimu wa kutetea ukifika wanafunzi wananiletea orodha zao. Kinachoniuma si mkato uliokosekana. Ni msomaji kukitafuta kitabu ulichokitaja asikipate.

Chapisha orodha peke yake, kazi yenyewe ibaki kwenye kompyuta. Ndani ya Word tafuta "19", kisha "20". Kila mwaka utakaotokea una jina karibu yake; jina hilo litie alama kwenye karatasi. Ukimaliza, lililobaki bila alama hukulitaja popote, litoe. Na ulilokuta ndani ya kazi lakini kwenye karatasi halimo, liongeze. Hapo ndipo utaona pia "2015b" (kazi ya pili ya mwandishi yule yule mwaka huo huo) iliyobaki yenyewe, wakati "2015a" ilifutwa zamani pamoja na aya yake.

Halafu majina. Hapa sisi tunaumia kuliko wengine, maana programu hizi zinadhani kila mtu ana jina la kwanza na la ukoo, basi. Mwanahistoria wetu Isidore Ndaywel è Nziem nimemkuta kwenye herufi I, "Isidore, N.", na kurasa hiyo hiyo chini yake "Nziem, I. N." Jina ni Ndaywel è Nziem, lote, Isidore ni la ubatizo. Kwa hiyo: "Ndaywel è Nziem, I. (1998)", kwenye N. Mtu aliyeandika historia ya nchi yetu nzima anagawanywa watu wawili katika memwari ya mtoto wa hapa hapa! Tafadhali, majina ya Wakongo yaangalie moja moja, kitabu kikiwa mkononi.

Tafsiri nazo. Kitabu cha David Van Reybrouck juu ya Kongo kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 2010. Kile cha Kifaransa tunachosoma wengi ni cha Actes Sud, 2012. Kama ulisoma cha Kifaransa, andika 2012 kwenye orodha, mtaje mfasiri, useme cha awali ni cha 2010. Ndani ya kazi ni (Van Reybrouck, 2010/2012). Ukiweka 2010 peke yake na namba ya ukurasa wa tafsiri, atakayefungua cha Kiholanzi atakuta mambo mengine kabisa.

Na kitabu cha zamani kilichoandikwa Elisabethville kiache Elisabethville. Mji ulibadilishwa jina kuwa Lubumbashi 1966, kitabu kilishachapwa.

Kaka_Kampemba
Nyongeza kwa Mama: kwa APA ya saba mji wa uchapishaji hauandikwi, mchapishaji anatosha. Hilo la Elisabethville ni la wanaofuata mtindo wa Kifaransa. "Et al.", yaani "na wenzake", nayo inakaa ndani ya kazi tu, kuanzia waandishi watatu; kwenye orodha unaandika wote hadi 20.

Kwa makala za majarida, chukua DOI, ile namba inayoanza na 10., iweke baada ya https://doi.org/ uifungue. Haili mega nyingi. Ikifungua makala nyingine au isifungue kitu, simama hapo. Marejeo yaliyobuniwa na ChatGPT yanakuja na watafiti wa kweli, jarida la kweli, hata kurasa; makala yenyewe ndiyo haipo. Usiyatetee mbele ya baraza.

Mwana_Katuba
Aksanti sana, yaya, aksanti Mama. Nimeanza na kalamu, tayari mawili hayana wenzao. Swali moja: mahojiano niliyofanya na wachimbaji niliyaweka mwishoni mwa orodha, na majina yao. Ni sawa?

Mama_wa_Vitabu
Yatoe leo. Kwa APA, watu uliowahoji kwa ajili ya utafiti wako hawaingii kwenye orodha. Hao ndio data yako. Waeleze kwenye sura ya mbinu, na ukinukuu maneno yao tumia alama, kama "Mchimbaji 4". Hao watu wanashinda shimoni, wengine mahali wasiporuhusiwa, na memwari inakaa maktaba mtu yeyote akiiomba anaisoma. Tazama pia viambatisho na ukurasa wa shukrani, majina yanapenda kubaki huko.