Bacharach au Cochem: mgeni ana siku moja tu, nimpeleke wapi?

Mama_Binti
Wakuu, mama mdogo katoka Tanga, yuko kwangu Köln, Ujerumani, hadi wiki ijayo. Dom, lile kanisa kuu, kaiona, maduka kayachoka, sasa anataka "mji wa zamani ulio mtoni". Tuna Jumamosi moja tu. Nimebaki na Bacharach ya Rhine na Cochem ya Mosel. Magoti yanamsumbua.

KiguuNaNjia
Cochem, wala usijiulize! Ngome ya Reichsburg iko juu ya kilima na minara yake, mashamba ya zabibu yameizunguka. Msimu wa watalii kuna basi dogo la kupandisha wasioweza mlima. Mtapiga picha mpaka simu ijae.

Babu wa Bonde
Inapendeza, sikatai. Ila mwambieni mama wa watu ukweli. Ngome ya zamani ililipuliwa na jeshi la Louis XIV wa Ufaransa mwaka 1689. Ikabaki gofu mpaka 1868, aliponunua Louis Ravené, tajiri wa chuma wa Berlin, akaijenga upya hadi 1877 jinsi watu wa enzi yake walivyoiwazia ngome. Yaani ni nyumba ya mapumziko ya tajiri.

Mimi ningempeleka Bacharach. Mji wenyewe uko chini, tambarare, magoti hayatalalamika. Akaione Altes Haus, yaani Nyumba ya Kale, ukutani pameandikwa 1368. Hizo nyumba zao za kale ni nguzo za mbao, katikati wanasuka fito, halafu wanakandika udongo. Mtu wa Tanga hahitaji mkalimani hapo.

KiguuNaNjia
Babu kwa kuharibia watu raha! Na kelele za treni Bacharach? Reli imepita katikati ya mji na mto.

Babu wa Bonde
Kelele zipo, kweli. Lakini reli hiyohiyo inamfikisha moja kwa moja kutoka Köln. Cochem kwa kawaida unabadili treni Koblenz. Mkipita Oberwesel kaeni kushoto, mtaona ngome ya Pfalzgrafenstein katikati ya maji. Ilianzwa miaka ya 1320, kazi yake kutoza ushuru wa merikebu. Utajiri wa Bacharach nao ulitoka mtoni: miamba ya mtoni huko Bingen ilizuia vyombo vikubwa, kwa hiyo mapipa ya mvinyo yaliteremshwa kwa mashua ndogo, yakapakiwa upya hapo kwenye vyombo vikubwa.

Nuru_Mainz
Dada, naongeza moja. Juu ya kanisa la Mt. Petro kuna gofu la mawe mekundu, Wernerkapelle, yaani kanisa dogo la Werner, madirisha matupu, unaona anga ng'ambo. Kila mtu analipiga picha. Lilijengwa kwa ajili ya kijana Werner, aliyekutwa amekufa 1287. Wayahudi wakasingiziwa kumuua, wakauawa kando ya Rhine, na mahujaji wakaanza kumiminika. Jimbo Katoliki la Trier lilimwondoa Werner kwenye kalenda yake ya watakatifu mwaka 1963 tu. Msipande, ngazi ni nyingi, lakini msiliite "gofu zuri" mkaishia hapo.

Mama_Binti
Nimemsomea yote. Ya Werner ilimnyamazisha kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nimepanda ndege kuja kuona nyumba ya udongo?" Amecheka mpaka kikohozi. Bacharach basi, treni ya saa tatu asubuhi, upande wa kushoto.