Halojeni bora, zenoni au LED: balbu ipi inaifaa Probox inayosafiri usiku?

MSAFIRI WA MAFINGA
Habari za leo, wakuu. Ninaendesha Toyota Probox inayobeba mzigo wa duka kati ya Dar es Salaam na Mafinga, na kwa kuwa huondoka baada ya kufunga hesabu za jioni, sehemu kubwa ya safari huangukia usiku. Taa zangu zinatumia balbu ya H4, ile yenye nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wati 55 za dimu (mwanga wa chini, wa karibu) na wati 60 za fuli (mwanga wa juu, wa mbali). Mwanga wake ni wa manjano na umefifia kiasi kwamba wiki iliyopita, ndani ya Mikumi, nilimwona pundamilia akiwa tayari ameingia barabarani, ilhali nilikuwa kwenye kilomita 50 kwa saa kama kibao kinavyotaka. Dukani nimeshauriwa nichague kati ya halojeni zilizoandikwa asilimia 150 zaidi, seti ya zenoni yenye balasti (kisanduku cha kuwasha na kudhibiti umeme wake), au LED zenye feni nyuma. Naomba aliyezitumia anilinganishie, kwa sababu ninataka mwanga mweupe unaofika mbali.

FUNDI UMEME GEREZANI
Ndugu yangu, pole kwa mshtuko huo. Kwanza tutenganishe weupe wa mwanga na wingi wake, kwa sababu wauzaji huvichanganya. Weupe hupimwa kwa Kelvini: halojeni ya kawaida ina takriban 3,200, zenoni ya kiwandani takriban 4,300, na LED nyingi za madukani huandikwa 6,000 au zaidi. Wingi hupimwa kwa lumeni, na H4 iliyotengenezwa kwa kiwango hutoa takriban 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fuli. Halojeni iliyopakwa bluu kioo kizima ili ionekane nyeupe inazuia sehemu ya mwanga wake yenyewe, kwa hiyo mnunuzi analipa zaidi ili apate mwanga pungufu gizani.

Halojeni za kuongeza umbali, kama Osram Night Breaker na Philips X-tremeVision, zina kazi nyingine. Uzi wake umesokotwa kwa kubanwa, mwanga unatoka katika eneo dogo, na riflekta (kile kioo cha ndani ya taa kinachorudisha mwanga mbele) inaweza kuutupa mbali kwa usahihi. Uzi huo unawaka kwa joto kali zaidi, hivyo unakatika mapema kuliko wa kawaida. Ile asilimia 150 nayo imehesabiwa dhidi ya kiwango cha chini kinachokubaliwa na sheria, si dhidi ya balbu uliyonayo.

Zenoni kwenye taa yako ninakukataza waziwazi. Ndani ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande kwenye macho ya anayekuja, na riflekta nzima imechongwa ikitegemea uzi ukae mahali pale pale. Zenoni haina uzi; ina mwale kati ya ncha mbili, wenye umbo lake, na zile seti za H4 husogeza balbu mbele na nyuma kwa sumaku ili kubadilisha dimu na fuli. Mwanga utakuwa mwingi sana, lakini utatawanyika. Magari yaliyotoka kiwandani na zenoni yana taa zilizotengenezwa kwa ajili yake, mara nyingi zenye lenzi ya projekta, yaani lenzi nene ya mviringo inayoelekeza mwanga.

DADA WA KIHESA
Kaka, mimi nilifunga LED kwenye IST, na kwa miezi miwili nilizisifia kwa kila mtu. Lami ya karibu na gari ilikuwa nyeupe kama mchana. Baadaye nilitambua kwamba weupe ule wa karibu ndio uliokuwa ukinidanganya, maana macho yalizoea mwanga mkali wa mita za mwanzo, na kule mbali, anakotembea mtu mwenye nguo nyeusi pembeni mwa barabara, palizidi kuwa giza. Madereva wa malori walinipigia fuli usiku kucha ingawa nilikuwa kwenye dimu. Kwenye ukungu wa Mufindi mwanga ulinirudia usoni, ikabidi nisimame. Redio nayo ilikoroma kila nilipowasha taa. Mwishowe feni ya upande wa kushoto ilikufa, kwa sababu aliyenifungia alikata mpira wa nyuma ya taa ili ipite, na vumbi likapata njia. Nimerudi kwenye halojeni, na sijutii.

MBEBA MKAA
Kwa nini msimwambie aweke H4 za wati 100 za fuli na 90 za dimu? Mimi ninazo kwenye pikapu na ninaona hadi ng'ambo ya mto.

FUNDI UMEME GEREZANI
Mzee wangu, kwa heshima, fungua soketi zako uzitazame. Balbu mbili za wati 100 zinavuta zaidi ya ampea 16 kwa volti 12, wakati waya na swichi viliwekwa kwa ajili ya ampea 10 hivi. Nimetoa soketi nyingi za namna hiyo zikiwa kahawia, plastiki imeyeyuka na kushika miguu ya balbu.

MKAAZI WA HAMBURG
Naomba niongeze jambo moja ili LED zisihukumiwe zote pamoja. Hapa Ujerumani, mwaka 2020, LED ya Osram ya aina ya H7 (umbo jingine la balbu, si H4) iliruhusiwa barabarani, lakini kwa magari yaliyo kwenye orodha tu, kwa sababu lazima ipimwe ndani ya taa ya gari husika. Hilo linaunga mkono maneno ya fundi: balbu na riflekta ni kitu kimoja. LED isiyojulikana imepimwa kwenye taa gani haina ushahidi wowote nyuma yake.

FUNDI UMEME GEREZANI
Ahsante sana, ndugu wa Hamburg. Sasa nirudi kwa msafiri, maana jambo lililo muhimu kuliko yote bado halijasemwa. Kabla ya kununua chochote, washa gari na taa, kisha pima volti kwenye betri, halafu upime nyuma ya soketi ya taa huku balbu ikiwaka. Usichomoe soketi, kwa sababu bila balbu kuvuta umeme kipimo kitakuonyesha volti nzuri zisizokuwepo. Soketi ikisoma chini sana kuliko betri, volti zinapotea kwenye waya na swichi, na mwanga wa halojeni unashuka haraka kuliko volti zinavyoshuka: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa takriban asilimia 30. Dawa yake ni waya mpya za milimita mraba 2.5 kutoka betri, fyuzi karibu na betri, na relei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa), moja ya dimu na moja ya fuli. Toyota nyingi za H4 hukatia umeme upande wa hasi, kwa hiyo anayefunga relei lazima alijue hilo.

Tazama pia kioo cha taa. AAA, shirika la wenye magari la Marekani, lilipima mwaka 2018 taa zilizogeuka manjano, likakuta dimu yake inatoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Sugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1,000, kisha 2,000, ung'arishe, na umalize kwa vanishi ya kuzuia jua. Ukiiacha vanishi, umanjano utarudi haraka.

MSAFIRI WA MAFINGA
Nimerudi na majibu. Betri ilisoma 14.1 na soketi 12.3. Baada ya relei, soketi inasoma 13.7, vioo vimesuguliwa, na nimeweka halojeni za umbali zisizopakwa bluu. Mwanga si mweupe kama nilivyotamani, lakini jana usiku niliviona vibao vya wanyama mapema sana kuliko zamani. Swali langu la mwisho: malori mawili yamenipigia fuli. Nimekosea wapi?

FUNDI UMEME GEREZANI
Mzigo wa nyuma umeinua pua ya gari. Simamisha gari likiwa limepakiwa, mita 5 kutoka ukutani, sehemu tambarare, na weka alama kwenye urefu wa katikati ya taa. Ukiwa kwenye dimu, zungusha skrubu ya nyuma ya taa hadi mstari wa juu wa mwanga ushuke sentimita 5 chini ya alama, kisha ufanye hivyo hivyo upande wa pili.