Jumuiya ya Mt. Monika, Bagamoyo: misa ya shukrani

*Alhamisi*

Mama Editha (Katibu), 18:42: Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Misa ya shukrani ni Jumapili na zamu ya kulisha wageni ni yetu. Mchele bado, soda bado, mkaa bado. Waliochanga ni wale wale. Tiki za bluu naziona, msijifanye mmelala.

Baba Deo, 18:50: Milele, Amina.

Mama Editha, 18:51: Amina haipikiki, Baba Deo.

Baba Deo, 18:58: Mchango wangu upo, ila umefungwa mnyororo pale mbuyuni misioni, kama punda wa yule mzungu wa zamani, Madame Chevalier.

Kasian, 18:59: 😂😂 Mnyororo ule wa tangu 1895! Mti umeshaumeza, baba.

Mama Editha, 19:03: Na wewe unayecheka, historia ya kusoma kabla ya misa iko wapi? Paroko anaitaka kesho asubuhi.

Kasian, 19:20: Hii hapa:
"Mwaka 1868 Padre Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaanzisha misioni hapa Bagamoyo. Februari 1874 mwili wa Dk. Livingstone, ulioletwa kutoka bara na Chuma, Susi na wenzao, ulilazwa usiku mmoja misioni kabla ya kuvushwa Zanzibar na hatimaye kuzikwa London. Kanisa tunalosali leo lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Tunawashukuru mapadre na masista waliotuletea imani."

Mama Rozi, 19:31: Nzuri. Na sufuria je?

Mama Editha, 19:32: Sufuria ipi?

Mama Rozi, 19:36: Ile kubwa ya jumuiya, yenye mkono mmoja. Majirani waliiazima ya maulidi, ikarudi imesuguliwa inang'aa. Akaazima mwenzetu wa humu humu, tangu jubilei ya 2018 hatujaiona. Simtaji mtu.

Mama Joni, 19:37: Kama una neno na mimi njoo nyumbani, Mama Rozi. Sufuria ilitoboka.

Mama Rozi, 19:37: Ilitoboka ikiwa kwa nani?

Baba Deo, 19:40: Ngojeni nikachukue kiti.

Mama Editha, 19:41: Jamani! Tunazungumzia shukrani hapa.

Babu Klementi, 20:47: Wanangu, mjukuu amenisomea na haya anaandika yeye, maneno ni yangu. Livingstone alilala pale usiku mmoja tu, kapewa mistari yote hiyo. Waliobeba matumbawe na kuchoma chokaa hawana hata nusu mstari. Mama yake bibi yangu alikombolewa soko la watumwa la Unguja angali mtoto. Jina la kwao alilisahau, akafa na la ubatizo. Bibi akinipeleka kwenye pango la Bikira Maria, kabla ya kusali alikuwa anapapasa mawe. Ananiambia, hapa pana mikono ya kwetu. Pango lile ni la 1876, na waliolijenga ni hao waliokombolewa. Mapadre nawashukuru, tena sana. Nendeni makaburini kwao msome umri, wengi walikuja vijana wakafa vijana. Lakini historia ikisomwa hivi, mimi matoleo sibebi.

Kasian, 21:33: Shikamoo babu. Nimekusikia. Nimtoe Livingstone?

Babu Klementi, 21:35: Marahaba. Abaki. Apunguzwe.

Mama Editha, 21:36: Asante babu. Kasian, andika upya usiku huu huu, na kwenye sala ya waamini tuombe nia moja kwa ajili yao. Ila mwenye neno la mwisho ni paroko. Kwa hiyo matoleo utabeba, babu?

Mama Editha, 21:52: Babu?

Babu Klementi, 21:55: Mjukuu hapa. Babu ameshalala.

*Ijumaa*

Mama Jeska, 06:10: Milele na milele, Amina. Nilikuwa shamba, mtandao hakuna. Mchele natoa kilo 10. Utapikiwa kwenye nini?

Mama Rozi, 06:11: Muulize Mama Joni.